Visiwa visiwe kimbilio la bondia aliyechoka

Tangu Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilipoliondoa katazo la ngumi lililokuwapo tokea mwaka 1964, na mabondia wakapanda ulingoni Unguja mwezi Agosti 2023, vijana wa Visiwani wamefurahi, nasi wa Mkoa wa Pwani tumefurahi pamoja nao. Hatuna nia ya kuitia mchanga furaha hiyo. Hata hivyo yatupasa kuwakumbusha wakuu wa michezo wa pande zote mbili habari ya bondia wa uzito wa juu ambaye hapana asiyemjua, Muhammad Ali, hususan ile sehemu ya maisha yake isiyopendwa kusimuliwa.

Wazee wetu husimulia Kinshasa, Oktoba 30, 1974, alipomwangusha George Foreman katika raundi ya 8. Wachache huikumbuka Dar es Salaam, Februari 1980. Ali alikuwa amekwisha kustaafu, akatumwa na Rais Carter aje kuzishawishi nchi za Afrika zisusie Michezo ya Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere hakukubali kuonana naye. Waandishi wakamwuliza mbona Marekani haikuwa pamoja na Afrika iliposusia Montreal mwaka 1976, na mgeni akakiri kuwa hakuwa na habari ya jambo hilo. Tanzania ikaenda Moscow. Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi kila mmoja na medali ya fedha. (Bayi huyo ndiye mwenye shule pale Mkuza, kwa hiyo watu wa Kibaha wana haki ya kutembea kifua mbele.)

Hatumlaumu Ali kwa safari ile. Mwenye jina kubwa hutumiwa na wenye haja zao, na ndivyo alivyotumiwa tena mwaka uleule. Oktoba 2, 1980, akiwa na miaka 38, alirudishwa ulingoni Las Vegas kupambana na Larry Holmes. Alikuwa amepimwa katika hospitali mashuhuri na cheti akapewa. Akapigwa raundi 10, hata mwalimu wake Angelo Dundee akalisimamisha pambano. Cheti kilikuwa kizima, mwenye cheti siye.

Baada ya hapo ikawa vigumu kupata mahali Marekani pa kumruhusu kupigana. Waandaaji walifanyaje? Walivuka bahari. Desemba 1981 walimpeleka Nassau, Bahamas, nchi ya visiwa kama vyetu, akapigana na Trevor Berbick, na maandalizi yalikuwa duni kiasi kwamba kengele ya raundi ilikuwa ya kuvishwa ng'ombe shingoni. Ali akashindwa kwa pointi, na hilo likawa pambano lake la 61 na la mwisho. Mwaka 1984 ikatangazwa kuwa ana ugonjwa wa kutetemeka uitwao Parkinson, akaishi nao hadi alipofariki mwaka 2016. Iwapo ngumi ndizo zilizouleta, hayo tunawaachia madaktari. Lakini pale Nassau hapakuwa na mtu mwenye mamlaka aliyesema basi.

Sasa tutazame kwetu. Kutoka Dar es Salaam hadi Kibaha au Kisarawe ni nauli ya basi tu, na hadi Unguja ni boti ya asubuhi. Bondia aliyeangushwa mjini na kuamriwa na daktari apumzike miezi kadhaa, nani atamzuia asipangiwe pambano jingine wiki mbili baadaye ng'ambo ya pili, ilhali michezo si jambo la Muungano na kila upande una baraza lake? Kijana mwenye deni na mke nyumbani hatakataa. Promota naye, ambaye tiketi zimekwisha kuuzwa, tusitazamie kwamba atamkataza.

Kwa hiyo tunapendekeza kwa Baraza la Michezo la Taifa na kwa wenzao wa Zanzibar liwepo daftari moja la mabondia wa kulipwa, linalosomwa pande zote mbili, lenye tarehe ya kila kipigo na kila katazo la daktari. Daktari huyo atoke katika hospitali ya Serikali, kama ile ya Tumbi, wala asiletwe na mwenye pambano. Maofisa michezo wa Kibaha, Kisarawe na Mafia nao wapewe uwezo wa kufunga ukumbi usiku ule ule ikiwa jina la bondia limo katika orodha ya waliokatazwa, hata kama watu wamekwisha kukaa vitini.