Aliyepeleka Habari Ndiye Aliyeisema



Muhula uliopita Chama chetu cha Majadiliano kilikutana kujadili neno hili: "Simu ina hasara kubwa kuliko faida kwa mwanafunzi." Mimi nalisimama upande wa kukataa, na upande wetu ulishinda kwa kura chache. Tulisema ya kuwa shule za Rwanda zilipofungwa mwezi wa Machi 2020 kwa ajili ya Korona, wengi wetu tulipata masomo kwa redio na kwa simu mpaka zilipoanza kufunguliwa tena mwezi wa Novemba. Tulisema ya kuwa mkulima aliye mbali na mji hupokea fedha kwa simu, na ya kuwa mzazi huomba hati ya kuzaliwa ya mtoto wake kwa njia ya Irembo, pasipo kupoteza siku nzima barabarani. Wapinzani wetu nao walisema ya kuwa simu huiba usingizi, huiba saa za kusoma, na hutufundisha kuhesabu watu waliopenda picha zetu kana kwamba ni alama za mtihani.

Yote hayo ni kweli. Lakini nilipokuwa nikipigiwa makofi, moyo wangu haukutulia, kwa sababu lilikuwako jambo moja ambalo hakuna aliyelitaja, nami nalilijua kuliko wote. Wapinzani walishitaki simu juu ya yale inayotutendea sisi. Hakuna aliyeuliza juu ya yale tunayowatendea wengine kwa simu. Basi nimeona yafaa niliandike hapa, ingawa ni la kuniaibisha.

Mimi ni mwanafunzi wa kutwa, nakaa Nyamirambo. Karibu na njia panda ya kwetu pana mama mmoja mwenye duka la maziwa. Watu wa Kigali hawahitaji kuelezwa duka la maziwa ni nini: asubuhi mtu hupita, hunywa kikombe cha maziwa ya moto au cha ikivuguto, yaani maziwa ya mgando, hula na andazi moja, kisha hwenda kazini. Vijana wa pikipiki hunywa hapo, walimu hunywa hapo, nami nimekunywa hapo tangu sijaanza shule. Mama huyo alikuwa na kijana wa kumsaidia, umri wake sawa na wangu. Alikuwa ametoka kwao mashambani, akiweka akiba ya fedha ili arudi shuleni.

Tarehe 27 Septemba 2024 Wizara ya Afya ilitangaza ya kuwa ugonjwa wa Marburg umeingia nchini. Mnakumbuka jinsi tulivyoogopa. Siku chache baadaye, jioni, nalipata katika kundi moja la WhatsApp ujumbe wa sauti ya mwanamke nisiyemjua. Alisema ya kuwa yule kijana wa duka la maziwa amechukuliwa hospitali, anatapika damu, ndio ugonjwa wenyewe, na mtu yeyote asiguse kikombe cha pale. Sikuuliza kitu. Naliupeleka ujumbe ule katika makundi matano: la jamaa zetu, la timu ya mpira, la darasa letu la msingi, na mengine mawili. Tena niliongeza maneno yangu mwenyewe chini yake: "Jihadharini, ni kweli, ni hapa kwetu."

Saa moja haikupita nikapata majibu kumi na saba. Watu walinishukuru. Nitasema ukweli: nalifurahi, nikajiona mtu wa maana.

Asubuhi yake benchi za duka zilikuwa tupu. Siku ya nne kijana akarudi, dhaifu kidogo lakini mzima, ilikuwa malaria. Hata hivyo hakuna aliyemsogelea. Mama akamwaga maziwa siku ya kwanza, na ya pili, na ya tatu. Wiki ya pili hakuweza kumlipa aliyekuwa akimletea maziwa, akafunga duka. Kabla ya kufunga alimwachisha kazi yule kijana, si kwa kosa lolote, bali kwa kuwa wateja walimwogopa kwa kumwona tu. Kijana akarudi kwao. Mpaka leo hajarudi Kigali, na sijui kama alirudi shuleni.

Mamangu alipopata habari kwamba mimi ni mmoja wa waliousambaza uvumi ule, aliniuliza, "Nani alikwambia?" Nikajibu, "Kundi." Akasema, "Kundi lina mdomo?" Nikakosa la kusema. Kisha nikatamka lile neno ambalo nadhani kila mmoja wetu amelitamka siku moja: "Mimi sikusema, nalipeleka tu."

Hilo ndilo neno ninalotaka tulipime pamoja. Je, yule anayepeleka tu hana hatia?

Mimi naona ya kuwa anayo, na pengine kuliko aliyeanza. Yule mwanamke mwenye sauti hakujulikana na jamaa zangu. Lau angaliwapelekea yeye mwenyewe, wangaliupuuza ujumbe wake. Waliuamini kwa sababu ulitoka kwangu, mtoto wao, anayekaa jirani na duka lile. Mimi nalimkopesha mtu nisiyemjua jina langu jema, naye akalitumia kumwangusha jirani yangu. Kila mara tunapopeleka habari mbele tunatia sahihi yetu chini yake, hata kama kidole hakikuandika neno.

Sisi tuliozaliwa Rwanda hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi wa jambo hili. Redio ya RTLM ilianza kutangaza mwezi wa Julai 1993. Watu waliipenda kwa muziki wake na mizaha yake, kama sisi tupendavyo video za kuchekesha. Katika siku mia moja za mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, mwaka 1994, redio hiyo ilichochea watu kuua, ikataja watu kwa majina na mahali walipo. Kwa hesabu ya serikali yetu waliouawa ni zaidi ya milioni moja. Mwezi wa Desemba 2003, mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wawili wa redio hiyo pamoja na mwenye gazeti la Kangura. Silinganishi kosa langu na maovu yale. Kufanya hivyo ni kuwakosea heshima waliokufa. Nasema tu ya kuwa maneno ya redio hayakutembea kwa miguu yao wenyewe. Mtu aliyasikia, akatoka nje, akamwambia jirani. Wakati ule mtangazaji alihitaji mtambo na mnara. Leo kila mwanafunzi ana mnara mfukoni, na hakuna aliyemfundisha utangazaji.

Labda mwenzangu atasema, "Habari za uongo hujulikana, mtu mwenye akili hawezi kudanganyika." Mwaka 2018 wasomi wa chuo cha MIT, Marekani, walichapa uchunguzi wao wa habari 126,000 hivi zilizoenea katika Twitter kati ya mwaka 2006 na 2017. Waliona ya kuwa habari ya uongo husambazwa kwa wepesi kuliko ya kweli, na ya kuwa wanaoieneza hasa ni watu kama mimi nawe, wala si mitambo. Sababu moja ni rahisi: uongo una upya na mshangao, na ukweli mara nyingi ni wa kawaida. "Kijana ana malaria" si habari ya kumpelekea mtu. "Kijana ana Marburg" ni habari.

Hata wenye WhatsApp waliliona hilo. Mwaka 2018, huko Uhindi, watu wasio na hatia waliuawa na makundi ya watu kwa uvumi wa simu ya kuwa wao ni wezi wa watoto. Mwezi wa Januari 2019 kampuni ikapunguza idadi ya kupeleka ujumbe mbele, isizidi mahali 5 kwa mara moja, duniani kote. Na Aprili 2020, ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi ukapunguziwa mpaka mahali 1. Ni vema. Lakini makundi yangu yalikuwa matano tu, nayo yalitosha kufunga duka. Mtambo hauwezi kutufanyia kazi ya dhamiri.

Mwingine atasema, na hoja hii ni nzito, "Wakati wa ugonjwa ni heri kuonya bure kuliko kunyamaza na watu wafe." Nami nakubali ya kuwa kuonya ni wajibu. Lakini onyo la kweli lilikuwapo: Wizara ilitoa hesabu ya wagonjwa na jinsi ya kujikinga, na ilituambia ya kuwa Marburg huambukiza kwa kugusa damu na majimaji ya mgonjwa. Ugonjwa ule ulitangazwa kwisha tarehe 20 Desemba 2024, baada ya wagonjwa 66 na vifo 15, na wengi wa walioambukizwa walikuwa wauguzi na madaktari waliokuwa wakituhudumia. Ujumbe wangu haukumwokoa hata mmoja wao. Ulimpotezea kijana kazi, basi.

Wako pia wanaosema dawa ni sheria, na sheria iko: ile ya mwaka 2018 juu ya makosa ya mtandao inaadhibu uvumi unaotia watu hofu. Wako wanaosema dawa ni kuwanyang'anya wanafunzi simu. Shuleni hatuna ruhusa ya simu, nami sipingi. Lakini kengele ya jioni hulia, na siku ya kumaliza shule hufika. Mtu akikatazwa kisu miaka sita bila kufundishwa kukishika, siku atakapokipata atajikata, au atamkata mwingine. Hata hivyo uvumi si ugonjwa wa vijana peke yao. Kaka zetu mliomaliza, msiniwie vibaya nikiwakumbusha ya kuwa ujumbe mwingi wa ajabu, wa dawa za kuponya kila ugonjwa na wa zawadi za bure, hutufikia kutoka kwa wajomba na shangazi wenye shahada.

Basi nashauri mambo matatu, ambayo mimi mwenyewe nayashika tangu siku ile.

Kwanza, kabla ya kupeleka habari inayomtaja mtu au mahali, tuulize: aliyesema aliona kwa macho, au naye alipelekewa? Kama hakuna aliyeona, ujumbe ukome kwangu.

Pili, kama yule anayetajwa yuko karibu, tumwendee. Nilipokwenda kumwomba radhi yule mama hakunikaripia. Alisema, "Mwanangu, umekunywa maziwa yangu tangu u mdogo. Toka kwenu mpaka hapa ni hatua mia. Mbona hukuja kuniuliza?" Sijapata kusikia lawama nzito kama ile, wala sina jibu lake mpaka sasa.

Tatu, aliyepeleka uongo anadaiwa. Alipe deni kwa wale wale aliowapelekea, tena kwa jina lake. Yule mama hakutaka machozi yangu, alisema, "Waambie wale uliowaambia." Nikaandika katika makundi yote matano: "Nalisema uongo. Kijana alikuwa na malaria. Kosa ni langu." Safari hii sikupata majibu kumi na saba. Nalipata mawili, na moja lilikuwa picha ya uso unaocheka. Maji yakimwagika hayazoleki, na maziwa ni vivyo hivyo. Lakini mtu mmoja wa timu yetu ya mpira alikwenda kunywa pale duka lilipofunguliwa tena mwezi wa Januari, naye aliniambia ya kuwa asingalikwenda kama asingalisoma maneno yangu. Kwa hiyo deni hulipika, ingawa kidogo kidogo.

Sijampata yule kijana. Nimemwomba mama anitafutie namba yake, naye amesema atajaribu. Kama atapatikana, nitamsomea makala hii kabla sijamwambia neno jingine.

Wenzangu, katika mjadala ule mimi nalipiga kura ya kuwa simu ni njema, na kesho ningepiga vivyo hivyo. Lakini ningeomba neno la mjadala lijalo liwe hili: "Aliyepeleka habari ndiye aliyeisema." Mwenye maoni mengine na ayaandike katika toleo lijalo, nami nitayasoma kwa furaha. Ila na atie jina lake.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita