Usiku wa watalii horini huanzia jaa la Mwakirunge

KWA miaka mingi Mombasa imeuza machweo. Majahazi ya kitalii hung'oa nanga jioni katika hori la Tudor, wageni wakala na kutumbuizwa, kisha wakarejeshwa gatini usiku uo huo.

Safari za kulala majini zimebaki zaidi sifa ya Lamu, ambako majahazi huwachukua wageni kwa siku kadhaa hadi Kiwayu, wakilala juu ya sitaha. Kwa kuwa Pwani inazidi kuhimizwa kuvuna uchumi wa bahari, si ajabu macho yakageukia mahori ya Tudor na Mtwapa, yenye maji matulivu na mikoko.

Hata hivyo, anayetaka kuuza usiku mzima katika mahori hayo sharti kwanza aitazame Mwakirunge.

Eneo hilo la Kisauni, lililo bara kati ya mahori hayo mawili, ndilo linalopokea taka za mji. Mnamo mwaka wa 2018 serikali ya kaunti ilipoanza kulifunga jaa la Kibarani, kando ya barabara ya Makupa, taka zilielekezwa Mwakirunge. Kibarani, iliyokuwa aibu kwenye lango la kisiwa, ikapandwa miti. Lango lilisafishwa, lakini taka hazikupungua. Zilihamishwa tu mbali na macho ya wageni.

Mgeni wa saa mbili huenda asitambue hayo. Nahodha huchagua saa ya maji kujaa, naye abiria huona uzuri mtupu. Anayelala horini hana bahati hiyo. Atayashuhudia maji yakijaa na kupwa, tope likibaki wazi, na mifuko na chupa zilizotoka na maji zikirudi nayo.

Isitoshe, usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko bahari. Pepo za msimu zinapolegea, hewa huteremka kutoka bara kuelekea majini. Taka zikifuka moshi huko juu, upepo huo haumbagui mwanakijiji na mtalii.

Tofauti ni kwamba mtalii ataondoka asubuhi. Mkazi wa Mwakirunge atabaki, pamoja na mvuvi anayetegemea samaki wanaokulia katika mikoko ya mahori hayo.

Ghuba ya Ha Long nchini Vietnam, iliyotambuliwa na UNESCO mwaka wa 1994, ni mfano wa kuzingatiwa. Umaarufu wa meli zake za kulala haukuikinga na taka zinazoelea, yakiwemo maboya ya povu ya wafugaji wa samaki, ambayo mwaka wa 2023 yalizua malalamiko makubwa. Aidha, Februari 2011 chombo kilichokuwa kimetia nanga kilizama alfajiri wageni wakiwa usingizini, na watu 12 wakafariki. Kenya, iliyopoteza watu 272 katika mkasa wa feri ya Mtongwe mwaka wa 1994, haihitaji kukumbushwa gharama ya uzembe majini.

Sheria haikosekani. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, nayo Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka wa 2022 inataka taka zitenganishwe zinakozalishwa. Zikitenganishwa, masalia ya vyakula ya hoteli yatageuzwa mbolea, plastiki na vyuma vitauzwa, na kitakachopandishwa Mwakirunge kitakuwa kichache. Wanaochokora jaa hilo kwa mikono mitupu nao watapata kazi yenye staha.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Iwapo hoteli na wenye majahazi wanautaka usiku wa horini, sehemu ya faida yake iende kwanza juu ya jaa, wala si kwenye taa za gatini. Vinginevyo Mombasa itakuwa inauza mandhari ambayo wenyeji wake wamenyimwa.