GARI LAKO LINACHEMSHIA KIBAHA AU KISARAWE?

Gari likichemsha barabarani kila mpita njia anageuka fundi. Mmoja atasema maji, mwingine oili, na wa tatu, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, atakushauri uliuze. Mwisho anatokea fundi mwenyewe na spana mkononi, na kabla hujamaliza kueleza keshang'oa themostati na kuitupa majanini. "Hii ya nchi za baridi bosi, huku kwetu haina kazi." Unalipa, unashukuru, na ugonjwa unarudi nao nyumbani.

Mimi jamaa akinijia na kilio hicho namuuliza swali moja tu: linachemshia wapi? Sisi wa huku Pwani tuna bahati, maana tuna barabara mbili ambazo ni kipimo tosha.

Ya kwanza ni ya Kibaha. Zile njia nane zinazoanzia Kimara, kilomita 19.2, zinakomea Kibaha, na kuelekea Mlandizi malori ya mikoani na ya nchi jirani yanafuatana kama siafu. Ikishika foleni hapo, injini inanguruma na gari halisogei. Gari linalotulia likiwa kwenye mwendo halafu likachemsha kwenye foleni, mshitakiwa wa kwanza ni feni. Likitembea, upepo ndio unaopooza rejeta. Likisimama, kazi yote anaachiwa feni.

Kama feni yako ni ya umeme, washa AC: kwa magari mengi inatakiwa izunguke papo hapo. Isipozunguka, tazama fyuzi, relei na waya kabla hujakimbilia kununua mota. Kama ni ile ya mkanda yenye kilachi chake katikati, zima injini ikiwa ya moto halafu isukume kwa mkono. Inatakiwa iwe nzito. Ikizunguka kama pangaboi, imekwisha hiyo. Ila ile ya umeme usiiguse, inaweza kujiwasha hata gari limezimwa, na vidole havina spea.

Barabara ya pili ni ya Kisarawe. Ukishaiacha Gongo la Mboto na kuipita Pugu, vilima vinaanza. Gari lililovumilia foleni bila neno, hapa mshale wa geji unapanda. Hilo sasa si la feni. Injini iliyobeba mzigo mlimani inatoa joto jingi, na maji hayalitoi kwa kasi inayotakiwa: ama rejeta imeziba, ama wota pampu imechoka, ama themostati imeganda.

Rejeta nyingi zinauawa na maji ya kisima. Chumvi yake inaganda ndani kama magamba unayoyaona kwenye birika la chai, na baada ya muda vijia vinaziba. Ikiwa vuguvugu na injini imezimwa, ipapase: penye baridi peke yake maji hayapiti.

Wenye boti za injini ya ndani wanaujua mchezo huu kuliko sisi, maana kule hakuna upepo wa kusaidia. Nyingi zinanyonya maji ya bahari kwa pampu yenye mapanga ya mpira, na maji hayo yanatoka nje pamoja na moshi. Nahodha makini akiona bomba linatoa moshi mkavu anazima, hasubiri geji.

Tuirudie themostati, maana inaonewa. Kabla ya kuihukumu, itumbukize kwenye kopo la maji jikoni (sufuria ya mama watoto iache, utaleta kasheshe nyingine) na uyachemshe. Nyingi zimeandikwa 82 au 88, yaani nyuzi inazoanzia kufunguka. Maji yakitokota bado imefumba, nunua nyingine. Ikifunguka, irudishe. Kwenye baadhi ya injini za Kijapani ukiing'oa unaacha wazi njia ya mkato, maji yanazunguka ndani ya injini bila kupita yote kwenye rejeta. Ndiyo maana wapo waliong'oa na gari likachemsha zaidi.

Kuna dereva mmoja wa Noah ya mkopo. Akipanda Kisarawe na abiria, mshale ulipanda karibu na nyekundu, kisha ghafla ukaanguka wenyewe. "Nikaona imepoa kaka, nikakanyaga," aliniambia. Haikuwa imepoa. Maji yalikuwa yamekwisha, na kile kidude cha kupimia kikabaki hewani hakina cha kupima. Alipofika juu silinda hedi ilikuwa imepinda. Noah ilikaa gereji wiki sita na marejesho ya mkopo hayakusubiri. Kwa hiyo mshale ukishuka ghafla namna hiyo, simama hapo hapo, abiria wanune wanavyotaka.

Na ukiona mapovu kwenye rejeta, maji yanapungua bila kuvuja chini, moshi mweupe hauishi, au oili imekuwa kama chai ya maziwa, hiyo ni gasketi ya hedi. Mafundi wa kando ya barabara waage, livute gari.

Halafu kuna kifuniko cha rejeta, ambacho watu wanakidharau. Kimeandikwa 0.9 au 1.1, ndicho kinachobana maji yapite nyuzi 100 bila kuchemka. Mpira wake ukichoka, maji yanatokota mapema na wewe unahangaika na pampu. Ni kitu cha bei ndogo, anza nacho. Lakini usikifungue kikiwa cha moto. Yale maji yanaruka usoni. Subiri nusu saa au zaidi, funika kwa tambara nene, legeza pole pole. Na maji ya kuongeza yamimine kidogo kidogo, injini ikiwa imepoa.

Wiki ijayo: gari linalotoa moshi mweusi.