Taa za Mchana Kwenye Gari la Zamani: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Magari mengi yanayopanda Kilema, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, kutoka Himo ni Noah, Probox na Corolla zilizokwisha kutumika Japani kabla ya kuletwa kwetu. Wenye magari hayo wameanza kuwaomba mafundi umeme wawafungie taa za mchana, zile taa nyeupe za mbele zinazowaka zenyewe injini ikiwashwa ili gari lionekane. Mimi naiunga mkono kazi hiyo. Tatizo ni maneno yanayoizunguka, ya wanaoipinga na ya wanaoiuza. Mengi hayana msingi, na mojawapo linaweza kuua mtu.

"Jua letu linatosha. Hizo taa ni za Wazungu wa kwenye theluji." Kuhusu asili yake, wasemao hivyo wamepatia. Finland ilianza mwaka 1972, tena kwa miezi ya baridi tu na nje ya miji, kisha Sweden ikaamuru mwaka 1977 taa ziwashwe mwaka mzima. Lakini jambo halikuishia huko. Kanada ilitaka kila gari jipya liwe nazo kuanzia Desemba 1989, na Umoja wa Ulaya ukaziweka kuwa lazima kwa aina mpya za magari madogo kuanzia Februari 2011, pamoja na Ugiriki na Hispania ambako jua la kiangazi linachoma. Nakubali pia kwamba Austria iliwaamuru madereva wawashe taa mchana mwaka 2005, ikaifuta amri hiyo mwaka 2008. Kwenye uwanda ulio wazi, saa sita mchana, faida yake ni ndogo.

Kilema si uwanda ulio wazi. Barabara inapita katikati ya vihamba (mashamba ya nyumbani), migomba imeinamia huku na huku, na juu yake kuna miti mirefu inayoipa mikahawa kivuli. Saa nane mchana jua linawaka, lakini barabarani kuna mabaka tu ya mwanga na giza. Jicho lililotoka kwenye mwanga mkali halizoei kivuli papo hapo, na gari la kijivu au la kijani iliyoiva humezwa humo humo. Kwenye kona kuna bodaboda anashuka gia huru, injini kaizima ili aokoe mafuta. Kuna mama mwenye mkungu wa ndizi kichwani, ambaye hawezi kugeuza shingo upesi. Gari linalokwenda kilomita 40 kwa saa hukata mita 11 kila sekunde. Taa mbili nyeupe zikichomoza kivulini mapema kidogo, bodaboda huyo anapata nafasi ya kurudi upande wake na mama anapata nafasi ya kusogea kando. Hiyo ndiyo kazi yake yote: dereva haoni zaidi kwa taa hizo, ila anaonekana.

"Kila gari limekuja nazo, zimezimwa tu. Fundi mwenye kompyuta anaziwasha." Hapa watu wanalipia hewa. Kanuni za Japani hazikutoa nafasi kwa taa za mchana za kiwango cha kimataifa mpaka mwaka 2016. Noah ya 2003 iliyotengenezwa kwa soko la Japani haina waya wala taa yake, na kompyuta haiwezi kuwasha kitu ambacho hakipo. Dai hili lina ukweli kwa magari machache, kama Volkswagen, BMW au Mercedes iliyouzwa Japani miaka ile. Hayo mara nyingi yalizimwa taa hizo kwa programu, na huko kweli fundi mwenye mashine ya kusoma gari anaweza kuzirudisha. Mwenye Toyota ya zamani ajue kwamba kwake ni kufunga taa mpya, na bei aipatane kwa kazi hiyo.

"Washa taa ndogo, ni yale yale." Globu ya taa ndogo huwa na wati 5. Juani huioni hata ukisimama hatua chache mbele yake. Kiwango cha kimataifa kinataka kila taa ya mchana itoe mwanga wa kandela 400 hadi 1,200, nyeupe, moja kila upande. Zile tepu za LED zinazobandikwa chini ya bampa nyingi hazifiki hapo, na zikioshwa kwa pampu mara kadhaa maji huingia ndani na vipande vinaanza kuzima kimoja kimoja. Nunua taa zenye mwili wa aluminiamu na kioo kilichozibwa vizuri. Upande mmoja ukifa, badilisha zote mbili, la sivyo upande mmoja utang'aa na mwingine utafifia, na anayekutazama kwa mbali atadhani ni pikipiki. Na nyekundu au bluu mbele ya gari la mtu binafsi, hapana kabisa.

"Zinamaliza betri na kula mafuta." Jozi ya LED nzuri haizidi wati 20, sawa na ampea moja na nusu hivi, na altaneta ya gari la kawaida hutoa ampea 70 au zaidi. Mafuta yanayoongezeka kwa saa nzima hayazidi sana kijiko kimoja cha mezani. Betri inayokufa imeuawa na fundi aliyeunga waya moja kwa moja kwenye betri. Taa zikikesha saa 12 zinavuta karibu ampea-saa 19, na betri ndogo iliyochoka haiamki asubuhi. Umeme uchukuliwe kwenye kisanduku cha fyuzi, mahali panapopata moto funguo ikiwashwa tu, ukiwa na fyuzi yake ya ampea 5. Ethi ifungwe kwa boliti kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Waya uliochunwa kwa meno na kuzungushiwa tepu nyeusi hautamaliza masika moja.

Wapo wanaosema taa mchana ni za msafara wa msiba. Msafara unatambulika kwa magari yenyewe yanavyofuatana na kwa jeneza lililo mbele. Gari moja lenye taa halimchanganyi mtu.

Sasa lile dai la hatari: "Nina taa za mchana, kwenye ukungu sihitaji kuwasha nyingine." Kuanzia Juni hadi Agosti wingu hushuka hadi kwenye migomba, na siku za masika ni hivyo hivyo. Dereva anaona mwanga wake ukipiga ukungu mbele, anaridhika. Nyuma yake giza tupu, kwa sababu taa za mchana haziwashi taa za nyuma. Lori linalomfuata haliambiwi na chochote kwamba kuna gari hapo mpaka limefika. Jioni ni vilevile, maana kwetu giza haliji polepole: jua likishazama, baada ya nusu saa hivi ni usiku. Kwenye ukungu, kwenye mvua na kuanzia jua linapozama, washa taa kubwa, tena zikiwa dimu, kwa sababu fulu kwenye ukungu hukurudia machoni.

Fundi naye lazima afunge rilei inayozizima taa za mchana mara taa kubwa zinapowashwa. Hapo mbele hapabaki mwanga wa ziada wa kumchoma macho anayepishana na dereva usiku. Fundi akikwambia rilei ni gharama ya bure, tafuta mwingine.

Kabla hujalipa, simama nje ya gari umwambie awashe injini: za mchana ziwake. Awashe taa kubwa: za mchana zizime, na uende nyuma uone nyekundu zote mbili zinawaka. Azime taa kubwa, kisha atoe funguo: pasibaki kinachowaka. Kimoja kikikosekana, usitoe hela mpaka kirekebishwe.