Nyasi zisipopumzishwa Novemba, maziwa yatakauka Januari

KILA mwaka mvua inapopungua Kakamega kati ya Desemba na Februari, hali huwa ile ile. Ng'ombe hufungwa kando ya barabara, wengine huswagwa hadi Msitu wa Kakamega, na maziwa hupungua siku baada ya siku.

Jua hulaumiwa bure. Eneo hili hupata mvua nyingi kuliko sehemu nyingi za Kenya. Tatizo huanza mvua ingali inanyesha, mfugaji anapolisha au kukata nyasi bila kuzipa nafasi. Nyasi hujilisha kwa majani yake. Zikinyolewa kila mara mizizi hudhoofika, na kiangazi kinapobisha hodi hazina nguvu ya kuchipua.

Wasukuma wa Shinyanga, Tanzania, walilijua hili kitambo. Katika mfumo wao wa ngitili, sehemu ya malisho hufungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi. Mradi wa HASHI, ulioanza 1986, uliufufua mfumo huo, na mnamo 2002 ukatuzwa kimataifa.

Naam, Kakamega si Shinyanga. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,867,579 katika kaunti hii, zaidi ya 600 kwa kila kilomita mraba. Mwenye robo ekari hana uwanja wa kufunga. Hata hivyo, kanuni haibadiliki, hubadilika kipimo tu. Mabingobingo, au nepia, yagawanywe vipande, kila kimoja kikatwe baada ya wiki sita hadi nane. Kipande cha akiba kikatwe mara ya mwisho Novemba, kisha kiachwe. Kisisahauliwe: mabingobingo yaliyokomaa kupita kiasi hugeuka mashina yasiyo na lishe. Ziada ya msimu wa mvua ikatwe na kushindiliwa iwe saileji.

Aidha, kupumzisha hakuponyi ugonjwa wa kudumaa ulioyavamia mabingobingo magharibi mwa Kenya tangu miaka ya 1990. Mashina yaliyodumaa na kugeuka manjano sharti yang'olewe, na mbegu itolewe kwenye shamba safi.

Kilimo kiligatuliwa chini ya Katiba ya 2010. Hivyo basi, ni wajibu wa kaunti kuhakikisha maafisa wa nyanjani wanamfikia mfugaji Oktoba, angali na nyasi za kuokoa. Ushauri wa Januari ni rambirambi. Akiba haiozi, ila huwekwa mapema.