Acheni Kunyoa Ukoka Kipara

Mwisho wa mwezi ukifika, vijana wa slasha hupata kazi Dar es Salaam. Kimara, Tabata, Mbezi, Kigamboni, popote penye geti na kipande cha majani mbele ya nyumba, husikika wakipatana bei. Wakishaelewana, mwenye nyumba hutoa agizo lile lile: "Kata mpaka chini kabisa, ili ikae." Anataka alicholipia kidumu, asimwite kijana tena kabla ya mshahara ujao. Kijana hana ubishi. Slasha inakwangua, vumbi linatimka, na ikifika saa nne asubuhi uwanja wote umegeuka kahawia, umebaki visiki vyeupe vya majani. Mwenye nyumba anashika kiuno na kuridhika kwamba sasa pamekuwa safi.

Gharama za ukoka zinaanzia hapo, na nyingi ni za kujitakia.

Jani ndilo linalotengeneza chakula cha mmea kwa mwanga wa jua. Likiondolewa lote kwa mkupuo, mmea hulazimika kula akiba iliyo kwenye mashina na mizizi ili uchipue upya, na mizizi nayo husimama kukua, mingine hufa. Ndiyo sababu watunza bustani wanaoijua kazi yao hufuata kanuni ya theluthi: mkato mmoja usiondoe zaidi ya theluthi ya urefu. Ukoka wenye sentimita 6 ushushwe hadi 4. Ule uliokimbia wakati wa masika ukafika sentimita 20 ushushwe kwa awamu, zikipita siku kadhaa kabla ya awamu nyingine.

Atakayepiga magoti na kuupanua ukoka wake kwa vidole ataliona jambo hili bila mwalimu. Juu kuna tabaka la kijani. Chini yake kuna mashina yaliyopauka, rangi ya mkonge, kwa sababu hayajawahi kuona jua. Chini kabisa kuna mabaki makavu yanayofunika udongo. Slasha ikipita kwenye kijani, hakuna atakayejua kwamba pamekatwa isipokuwa kwa harufu. Ikipita kwenye mashina yaliyopauka, uwanja mzima unageuka kahawia siku hiyo hiyo, hata kama jana yake ulimwagiliwa.

Udongo ukishaachwa wazi, jua la Februari huupiga moja kwa moja, unyevu hupotea, na magugu yaliyokuwa yamelala hupata mwanga. Ya kwanza kuamka ni ndago. Ndago ina viazi vidogo chini ya ardhi vilivyounganishwa kama shanga kwenye uzi. Anayeing'oa kwa mkono huondoka na jani, viazi vikabaki vikichipua. Hapo mwenye nyumba hukimbilia duka la pembejeo kutafuta dawa. Akiuziwa glaifoseti na kuinyunyiza ovyo, itaua ndago na ukoka pamoja. Kumbe ndago ina udhaifu mmoja mkubwa: haipendi kivuli. Ukoka mnene ulioachwa na kimo chake huidhoofisha bila senti ya dawa.

Kwa hiyo kinachotakiwa kubadilika kwanza ni mapatano na kijana wa slasha. Badala ya kumlipa mara moja kwa mwezi akwangue, alipwe kidogo kidogo, mara mbili au zaidi mvua zinapokolea, na kiangazi apumzishwe kabisa. Kupunguza ncha ni kazi nyepesi kuliko kukwangua, hivyo hata bei ina nafasi ya kushuka. Slasha nayo inolewe kwa tupa kabla ya kuanza, maana butu hurarua jani badala ya kulikata, na ncha zilizoraruka hukauka. Mwenye uwezo kidogo zaidi anaweza kutafuta mashine ya kusukuma kwa mkono, isiyotumia petroli wala umeme, ya mtindo ule uliobuniwa na Mwingereza Edwin Budding mwaka 1830. Majirani watatu wakichanga, mashine moja inawatosha.

Kosa jingine hufanyika siku ya kupanda. Mtu anaona uwanja wa kijani Arusha au Nairobi, anarudi Dar es Salaam na kuagiza nyasi zile zile. Nyasi za Kikuyu ni wenyeji wa nyanda za juu za Afrika Mashariki. Zinapenda ubaridi wa Limuru, Lushoto na miteremko ya Meru. Zimesafiri hadi Afrika Kusini, Australia na California, na kwingine zimestawi mpaka zikahesabiwa kuwa gugu. Zikiteremshwa pwani, joto huzichosha, na mwenye nyumba hubaki akizibembeleza kwa maji na mbolea.

Pwani ina nyasi zake. Ukoka wa kawaida, ambao wataalamu huuita Cynodon dactylon, hujiotea kando ya barabara bila kumwagiliwa na mtu, na jamaa zake waliochaguliwa na kuzalishwa ndio wanaotandikwa kwenye viwanja vingi vya mpira na gofu vya nchi za joto. Unapenda jua kali na unavumilia kukatwa hadi sentimita 3. Penye kivuli cha nusu siku zipo nyasi za Pemba, zenye jani pana, asili yake fukwe za Bahari ya Hindi; hizi zikatwe juu zaidi, kati ya sentimita 5 na 8. Wanaoishi karibu na bahari na kutegemea kisima chenye maji ya chumvichumvi wanaweza kuulizia paspalamu ya pwani, Paspalum vaginatum, ambayo huvumilia chumvi kuliko karibu nyasi zote za bustani. Paspalamu ziko nyingi, kwa hiyo muuzaji aulizwe anauza ipi.

Tena hakuna ulazima wa kununua zulia zima la ukoka. Mita moja ya mraba ikichambuliwa vipando, kila kimoja kikiwa na vifundo viwili au vitatu, inaweza kutosha mita 10 za mraba na zaidi. Vipando vikizikwa kwa nafasi ya sentimita 15 masika inapoanza, mvua hufanya kazi iliyobaki, na katika miezi miwili au mitatu uwanja huwa umefunga. Mwenye zulia anaona kijani siku hiyo hiyo. Mwenye vipando anasubiri, na anaokoa sehemu kubwa ya pesa.

Halafu kuna maji, ambako ubadhirifu ni mkubwa kuliko kwingine kote. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kipimo kinachotajwa sana kwa ukoka wakati wa ukame ni milimita 25 kwa wiki. Kwa uwanja wa mita 100 za mraba hizo ni lita 2,500, yaani uniti mbili na nusu kila wiki, uniti 10 kwa mwezi. Wakazi wa Dar es Salaam hawajasahau Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua na jiji likaingia kwenye mgao. Kumwaga kiasi hicho kwenye majani wakati jirani anasubiri boza ni anasa, na si vibaya kuiita hivyo.

Ukoka wenyewe hauidai anasa hiyo. Ukipata kiu hulala: majani hukauka, lakini mashina ya chini ya ardhi hubaki hai kwa wiki kadhaa, mvua zikirudi unachipua. Desturi ya kutaka uwanja uwe kijani Januari na Septemba sawasawa imetoka Uingereza, ambako mvua imegawanyika mwaka mzima na jua ni la kubahatisha. Pwani yetu ina masika na vuli, na katikati yake ukavu. Uwanja uliofifia Septemba haujafa.

Anayetaka kumwagilia hata hivyo, amwagilie panapostahili. Dalili ni nyayo: ukikanyagwa na majani yakabaki yamelala badala ya kuinuka, ukoka una kiu. Maji yatolewe alfajiri, mengi kwa mara moja, ili yashuke na kuivuta mizizi chini; kunyunyiza kidogo kila jioni hulowesha vumbi tu. Kwenye kichanga chepesi kama cha Kigamboni dozi igawanywe mara mbili kwa wiki, kwa kuwa mchanga haushiki maji. Maji ya kusuuzia nguo yanafaa pia, mradi hayana dawa ya madoa na hayamwagwi sehemu moja kila siku, maana chumvi za sabuni huharibu udongo zikirundikana.

Mbolea haihitaji maneno mengi. Yurea ina asilimia 46 ya nitrojeni, kwa hiyo kilo moja inatosha mita 100 za mraba kwa mara moja, na mara mbili kwa mwaka, masika na vuli, si haba. Imwagiwe maji papo hapo, la sivyo sehemu yake hupotea hewani na nyingine huunguza majani. Dukani kinauzwa mpaka kipimo cha kilo moja. Asiye na shamba ana haja gani na mfuko wa kilo 50? Mbolea ya bure ni majani yaliyokatwa. Yakiwa mafupi yaachwe pale pale yaoze. Yanaweza kurudisha hadi robo ya nitrojeni inayohitajika kwa mwaka. Kuyafagia, kuyatia kwenye viroba na kumlipa mtu wa taka ayabebe ni kulipia kuondoa mbolea.

Wapo wanaosema majani huleta nyoka na mbu, bora uwanja wa udongo uliofagiwa, au pevingi. Hofu ya nyoka ni ya haki kwenye vichaka na marundo ya matofali, lakini ukoka wa sentimita 4 hauna pa kumficha. Mbu huzaliana kwenye maji yaliyotuama, na makopo yaliyotupwa nyuma ya nyumba yana hatia kuliko majani. Kuhusu pevingi, mvua ya milimita 50 juu ya mita 100 za mraba ni lita 5,000. Pevingi zilizobanana hupitisha sehemu ndogo tu. Maji mengine yote huteremkia kwa jirani wa chini, na mitaa ya mabondeni inajua mwisho wake.

Hata hivyo, si kila pembe ya kiwanja ni ya kupanda ukoka. Chini ya mwembe mkubwa hautaota, hata umwagiwe nini, kwa kuwa mwanga hautoshi na mizizi ya mti hunywa kwanza. Kipenyo cha geti kinachokanyagwa na gari kila siku kiwekewe kokoto. Kinachobaki, mahali watoto wanapocheza na wageni wanapoketi, mara nyingi hakizidi mita 40 za mraba. Kwa eneo hilo, hata katika wiki kavu kuliko zote, uniti moja ya maji kwa wiki inatosha.