Aran, Aron na Wanaocheka

Kabla hujamcheka tena jamaa anayejitambulisha "Naitwa Aran" akimaanisha Allan, nifanyie kitu kimoja. Fungua filamu yoyote ya Marekani usikilize wanavyomwita mvulana Aaron, halafu usikilize wanavyomwita msichana Erin. Wamarekani wengi hutamka hayo majina mawili sawasawa. Mvulana na msichana, sauti moja. Craig naye kwao huwa "Kreg", amebakisha herufi moja tu awe Greg. Na umewahi kusikia mtu akisema Wamarekani wanashrabu? Wapi. Wao wanatweng', na kuna wasee hapa Nairobi wanakesha mbele ya kioo wakiiga.

Shosho yangu ana wajukuu wawili, mmoja Allan, mwingine Aaron. Kikuyu hakina sauti ya l, kwa hivyo akisimama mlangoni anaita "Arani!" ama "Aroni!" Sijawahi kuona aliyeitwa akikosa kuitika, wala mwingine akienda mahali pake. Ile a na ile o zinafanya kazi yote. (Wape Aaron na Erin nyumba moja kule Ohio uone vurugu.) Sasa niambie nani kati yao ameharibu jina.

Tena anayeshrabu mara nyingi anajua lugha tatu: ya kwao, Kiswahili na Kiingereza. Anayemcheka huwa anajua moja na nusu, na hiyo nusu ni Sheng.

Lakini kicheko kina bei. Dholuo haina sauti ya sh, kwa hivyo Shadrack hutoka "Sadrack" na Joshua hutoka "Josua". Kwenye ofisi moja niliyofanyia kazi, jamaa mmoja alitolewa mapokezi kwa sababu akipokea simu alisema jina lake hivyo, jina lake mwenyewe, na mkubwa akaona wateja watacheka. Hakuna mteja aliyekuwa amelalamika. Akapelekwa stoo, mahali hakuna simu. Wakati huohuo, London ina watu kibao ambao th inawashinda: Keith anakuwa "Keef". Mpiga gitaa wa Rolling Stones, Keith Richards, anaitwa hivyo na mashabiki kwa mapenzi kabisa. Yeye hakupelekwa stoo.

Najua utaniambia ni jokes tu, maze, wacha kuwa serious. Sawa. Fungua Biblia, Waamuzi sura ya 12. Watu wa Gileadi wanashika vivuko vya Yordani, na kila anayetaka kupita anaambiwa aseme "Shibolethi". Waefraimu wakasema "Sibolethi". Angalia vizuri: ni sh na s, ileile ya Shadrack. Waliosema s walichinjwa, na kitabu kinahesabu waliokufa wakafika 42,000. Na kama hiyo ni mbali sana, mwanzoni mwa 2008 hapa kwetu kulikuwa na vizuizi barabarani ambapo vijana walidai kitambulisho, na jina lililoandikwa pale likatosha kukupitisha ama kukumaliza. Sisemi mchekeshaji wa TV ndiye alishika panga. Nasema sikio linalopima watu kabila kwa herufi moja linafunzwa mahali, na linafunzwa tukiwa tunacheka.

Kuna shida ya kweli kwenye haya majina, na haiko mdomoni. Iko kwenye kalamu. Karani anasikia "Blian", anaandika Blian, na mtoto anakuja kugundua kabla ya KCSE kwamba cheti cha kuzaliwa kinasema hivi na shule inasema vile. Hapo ni kutafuta wakili, hati ya kiapo, na pesa ya mzazi. Ama anaandikwa Ochieng bila ile alama ya ng', na jina linabaki limekatwa mkia.

Watu wa Mombasa walishaonyesha kwamba inawezekana kuandika kwa heshima ya sikio. Salim wanamwandika Salim, lakini Saleh wanamwandika Swaleh, kwa sababu s ya Kiarabu kwenye hayo majina mawili si moja, na hiyo w ndogo inabeba ule uzito. Vilevile Twalib, vilevile Twaha. Mtu wa bara akiona w anadhani ni mapambo.

Kwa hivyo karani, mwalimu, mkubwa wa ofisi: uliza "unaandikaje?", kisha ungoje herufi moja moja mpaka ya mwisho. Haimalizi hata dakika.